Maswali ya Wasomaji: Unga Unaotembea

Tangu masika yaanze, barua nyingi zinazotufikia zinafanana: unga umebadilika harufu, juu ya mfuniko kuna vumbi, na vumbi lenyewe linasogea. Tumeziweka pamoja kwa sababu mhusika ni mmoja, utitiri wa vyakula vikavu. Sababu ya pili ni kwamba tiba nyingi zinazozunguka mitaani humfukuza mdudu zikauacha unyevu uliomleta.

*Nina kiroba cha unga wa ngano cha kilo 25, nakitumia kwa maandazi ya biashara. Baada ya mwezi na nusu nimeona vumbi la kahawia kwenye mshono wa kiroba na sakafuni chini yake. Unga unanuka kama pipi ya mnanaa. Fukusi simwoni, funza simwoni. Hiki ni nini?*
*Muuza maandazi, Tanga*

Harufu hiyo imeshakujibu nusu ya swali. Utitiri ukizidi ndani ya unga hutoa harufu inayokaribia mnanaa, na ukisugua unga kidogo kati ya vidole harufu inapanda zaidi. Mwenyewe ni mdogo mno, kati ya milimita 0.3 na 0.6, una miguu minane, na ni jamaa ya kupe na buibui kuliko fukusi. Lile vumbi la kahawia si uchafu wa sakafu. Ni utitiri ulio hai, uliokufa, magamba uliyojivua na kinyesi chake.

Inayotusumbua zaidi majumbani ni aina mbili. Ya kwanza ni Acarus siro, utitiri wa unga hasa, ambao Linnaeus aliuandika tangu 1758; huo hupenda ubaridi kidogo na unyevu mwingi. Ya pili ni Tyrophagus putrescentiae, unaofuata mafuta, protini na ukungu: mbata, dagaa, karanga, jibini, unga wa maziwa. Kwa joto la pwani, huu wa pili ndiye mgeni wa kawaida zaidi.

Kabla ya kuhukumu, pima. Weka kijiko kimoja cha unga juu ya karatasi nyeusi, usawazishe kwa ukingo wa kadi mpaka uso uwe laini kama kioo, kisha uache dakika 15 bila kuugusa wala kuupulizia. Uso ukianza kupasuka, kubomoka pembeni au kufanya vijifereji, kuna wanaotembea chini yake. Njia nyingine ni kubandika selotepu kwenye mshono wa kiroba, kuibandua na kuibandika juu ya kitu cheusi, halafu kuitazama kwa lenzi inayokuza mara 10. Kamera ya simu ikivutwa karibu husaidia, ingawa si kila simu inaweza. Ukiona wadudu wa kijivu wa kama milimita 1, wenye miguu sita na kichwa kinachoonekana wazi, wanaokimbia kwa kushtuka-shtuka, hao si utitiri. Ni chawa wa vumbi, ambao hula ukungu. Lakini nao wameitwa na unyevu uleule, na dawa yao ni ileile.

Kiroba hicho usikiokoe. Kimeshanuka na kimeshatoa vumbi. Ni cha kutupwa, na maandazi yake hayafai kuuzwa. Usikikung'ute jikoni, maana utakuwa unapanda mbegu. Kivike mfuko wa plastiki hapo kilipo, funga, vika wa pili, funga tena, ndipo ukitoe nje.

Sasa kwa nini kimeharibika wakati mwenzako wa Dodoma anakaa na kiroba kama hicho miezi miwili? Unga hunywa maji kutoka hewani. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 65, unga wa ngano hutulia kwenye takribani asilimia 13 ya maji. Hewa ikifika asilimia 80, kama ilivyo kawaida Tanga wakati wa masika, unga nao hupanda hadi 15 na kitu. Utitiri hauna mdomo wa kunywea maji kwenye kikombe. Unyevu wake unautoa kwenye hewa na kwenye chakula. Chini ya asilimia 60 hivi ya unyevu wa hewa hukauka ukafa. Juu ya 70 unazaana, na kizazi kimoja huchukua wiki mbili hadi tatu tu. Kiroba cha nyuzi za plastiki kinapitisha hewa, kwa hiyo mwezi na nusu wa masika umeupa utitiri vizazi viwili au vitatu. Wakati wa mvua nunua unga wa kuisha ndani ya wiki mbili, hata kama bei ya rejareja inauma. Kiroba kikae juu ya chaga, sentimita 10 au zaidi kutoka sakafuni, na kisiegemee ukuta. Saruji hupandisha unyevu hata ikionekana kavu.

*Mama mkwe ameniambia niuchekeche unga kisha niuanike juani, utakuwa salama. Ni kweli?*
*Mombasa*

Mama mkwe anafikiria fukusi na funza, na kwa hao hakukosea sana. Kwa utitiri, chekeche halisaidii. Matundu ya chekeche la kawaida la jikoni ni makubwa kuliko utitiri mzima, sembuse yai lake lenye kama milimita 0.1. Unachochekecha kinaanguka pamoja na unga, na kinyesi nacho kinaanguka.

Jua nalo lina mtego wake kwa unga. Ukiumwaga kwenye ungo, juu unapata joto, katikati unabaki wa kawaida, na utitiri hukimbia mwanga ukajificha chini. Ikifika alasiri, upepo wa bahari unapoleta unyevu, unga uliokuwa umekauka unakunywa tena. Ukitaka kuua kwa uhakika, kwa unga ulio mzuri bado, usio na harufu wala vumbi, unaoushuku tu kwa kuwa ulikaa karibu na ulioharibika, njia ni mbili.

Friza ndiyo rahisi. Gawa unga kwenye mifuko ya kilo moja, ilaze iwe bapa isiyozidi unene wa sentimita 5, iache siku 7 kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Mfuko mnene unakudanganya: nje umeganda, katikati bado vuguvugu. Umeme ukikatika mpaka friza ikalainika, anza kuhesabu siku upya. Friji ya kawaida ya nyuzi 4 haiui, inausinzisha tu. Kosa kubwa linakuja mwishoni: mtu anatoa mfuko wa baridi na kuufungua papo hapo. Hewa ya Mombasa ikigusa unga baridi huacha umande juu yake, na baada ya wiki una mabonge na ukungu. Uache mfuko umefungwa mezani tangu usiku hadi asubuhi, ufungue ukiwa sawa na joto la chumba.

Oveni inafanya kazi haraka zaidi lakini inataka macho. Tandaza unga sentimita 2 kwenye trei, weka nyuzi 60 hadi 70, na saa moja ianze kuhesabiwa pale unga wenyewe ulipopata joto hilo, si pale ulipowasha. Geuza mara mbili au tatu. Oveni nyingi za gesi hazishuki kiasi hicho, kwa hiyo bana mwiko wa mbao mlangoni uache upenyo. Unga ukianza kunukia kama umekaangwa, umezidisha.

Kwa kunde, choroko na maharage, jua ni rafiki wa kweli. Tandika plastiki nyeusi, mwaga kwa unene wa sentimita 2, funika na plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, bana kingo kwa mawe. Kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa joto la ndani linaweza kupita nyuzi 57, na saa moja ya joto hilo inawamaliza hata bungua waliomo ndani ya punje. Usifanye hivyo kwa mbegu za kupanda.

*Mwanangu ana miezi kumi, anakunywa uji wa unga wa lishe: mahindi, ulezi, soya, karanga na dagaa kidogo. Nasagisha kilo tano kwa mara moja. Kila mara baada ya wiki tatu unabadilika harufu. Naufunga vizuri kabisa kwenye ndoo.*
*Mama wa Unguja*

Mama, kuufunga vizuri huenda ndiko kunakouharibu. Unga ukitoka mashineni ni wa moto. Ukimiminwa ndani ya ndoo na kufunikwa, mvuke wake unapanda, unagota kwenye mfuniko, unageuka matone na kurudi juu ya unga. Gusa mfuniko kwa ndani saa moja baada ya kufunga, utajua. Unga utandazwe kwenye kitambaa safi ndani ya nyumba, upate saa mbili hadi tatu za kupoa kabisa, ndipo uingie chomboni. Karanga na soya zilizokaangwa nazo zipoe kabla hazijapelekwa mashineni.

Halafu kuna huo mchanganyiko. Karanga, soya na dagaa ndiyo karamu ya Tyrophagus, na mafuta yakishasagwa huchacha upesi hata kama hakuna mdudu. Kilo tano kwa mtoto mmoja ni nyingi mno. Sagisha kilo moja, nyingine ikae punje zikiwa nzima, kila aina na chombo chake. Dagaa wakauke mpaka wavunjike kwa kukatika, si kwa kupinda, na wasikae kabati moja na unga. Chombo kizuri ni cha glasi au plastiki ngumu chenye mpira kwenye mfuniko. Mfuniko wa kuzungusha usio na mpira unaacha njia, na utitiri unapita humo ukifuata mzunguko kama ngazi. Usichote unga juu ya sufuria inayotoa mvuke, na kijiko kiwe kikavu. Hayo mawili tu yanaokoa unga mwingi.

Kwa uji wa mtoto hakuna kujaribu. Ukinuka, umwage. Utitiri hubeba mbegu za ukungu kutoka punje hadi punje, na mahali penye ukungu wa mahindi au karanga panaweza kuwa na sumukuvu, ambayo kupika hakuiondoi, kukaanga hakuimalizi na friza haiigusi. Kenya mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu.

*Nimesafisha kabati mara tatu kwa maji ya moto na dawa ya klorini. Baada ya mwezi wanarudi. Sina watoto, sina uchafu.*
*Nairobi, Juni*

Uchafu haujatajwa na yeyote. Uliyoyamwaga ndani ya kabati mara tatu ni maji, na ubao wa kubandika huyanywa kwenye pembe na matundu ya misumari ukayatunza wiki nzima, tena katika baridi ya Juni ambapo madirisha hayafunguliwi.

Safisha kikavu. Toa kila kitu, ng'oa magazeti au karatasi ulizotandika (zinashika unyevu na gundi yake huliwa), kisha vuta vumbi kwa mashine ukipitisha mdomo mwembamba kwenye pembe, bawaba na mistari ya rafu. Huna mashine, tumia mswaki mkavu na kitambaa. Mfuko wa mashine utupwe siku hiyohiyo. Mwishoni futa kwa kitambaa kilichokamuliwa sana chenye siki au spiriti, na uache milango wazi saa 24 na feni ikipuliza ndani. Dawa ya kupulizia wadudu usiitumie kwenye kabati la chakula: mayai yanapona, na sumu inabaki pale unapoweka mkate.

Kisha tafuta maji yanakotoka. Gusa ukuta wa nyuma kwa kiganja. Angalia bomba la sinki, na birika la umeme linalochemka chini ya rafu. Vuta kabati sentimita 5 kutoka ukutani hewa ipite. Kipima unyevu kidogo cha bei nafuu kitakusaidia kuliko dawa zote, mradi ukihakiki: weka chumvi ya mezani kwenye kizibo cha chupa, iloweshe kwa matone machache iwe rojo lisiloyeyuka lote, ifungie pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa kwa saa 8 hivi. Kinapaswa kusoma 75. Kikisoma 80, jua kinaongeza 5 na utoe hizo kila unaposoma. Unatafuta kabati lililo chini ya 60.

Jambo la mwisho kwako: je, chakula cha mbwa, mtama wa ndege, au ile paketi ya oti ya mwaka jana? Mara nyingi kiota kimo humo, na watu husafisha kabati wakairudisha paketi mahali pake.

*Majani ya mwarobaini, karafuu, pilipili kavu: kipi bora?*
*Wasomaji watatu tofauti*

Kwa utitiri, hakuna. Vinaweza kuwachelewesha baadhi ya wadudu wa nafaka nzima, lakini unga ulionywa maji unabaki na maji yake hata ukiuzika kwa karafuu. Majani mabichi ya mwarobaini ni mabaya zaidi, kwa sababu yanaongeza unyevu.

*Chini ya magunia ya mahindi kuna unga mwingi. Jirani amenipa vidonge vya kufukizia, anasema kimoja kwa kila gunia, naweka stoo iliyo ndani ya nyumba. Je, vinaua utitiri?*
*Mkulima, Iringa*

Ndugu, usivifungue. Vidonge hivyo vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini. Kimoja cha gramu 3 hutoa gramu 1 ya gesi. Gesi hiyo hupita chini ya mlango na kwenye nyufa za ukuta hadi chumba cha kulala, na haina dawa ya kuiondoa mwilini. Ufukizaji ni kazi ya aliyefunzwa, kwenye ghala lisilokaliwa na watu, chini ya turubai lililozibwa. Virudishwe kama vilivyo, visitupwe shimoni wala majini.

Tena huenda huna utitiri. Unga mweupe mwingi chini ya gunia, punje zikiwa na matundu, ni kazi ya dumuzi, aliyefika Tanzania kutoka Amerika ya Kati mwishoni mwa miaka ya 1970. Vumbi la utitiri ni la kahawia, kidogo, na husogea. Dumuzi hula hata mahindi makavu, kwa hiyo yeye anatafutiwa dawa yake ya vumbi iliyoidhinishwa kwa nafaka, kwa kipimo cha kwenye pakiti, au mifuko ya tabaka tatu kama PICS inayomnyima hewa. Mifuko hiyo inataka mahindi makavu kweli, la sivyo yanaozea ndani, na kila tabaka lifungwe peke yake.

Ukavu upime kwa chumvi. Chukua chupa kavu ya mililita 750, tia mahindi yafike theluthi, ongeza vijiko 3 vya mezani vya chumvi, tikisa kwa nguvu dakika moja, iache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta, maji yamezidi asilimia 15. Isipoganda, yako chini ya 15, lakini unachotaka ni 13, kwa hiyo anika siku moja zaidi. Na chumvi yenyewe ikaushwe kwanza kwenye kikaango, maana chumvi ya masika huganda bila kusaidiwa na mahindi.

*Mikono inaniwasha kila nikikanda unga. Wiki iliyopita mdogo wangu alikula chapati, midomo ikavimba na kifua kikambana. Ni upele?*
*Dar es Salaam*

Si upele. Utitiri wa upele ni mwingine, unaochimba ngozi; huu wa unga hauwezi. Muwasho wako unatokana na protini za utitiri zinazogusa ngozi, ndiyo maana zamani wauza vyakula na wabeba mbata walijulikana kwa muwasho huo.

Ya mdogo wako ni mazito zaidi. Kuna watu, hasa wenye pumu au mzio wa vumbi la nyumbani, ambao wakila chakula cha unga wenye utitiri mwingi hupata uvimbe, vipele vya mzio na kubanwa pumzi ndani ya dakika au saa chache. Moto wa kikaango huua utitiri lakini hauvunji protini zote zinazoleta mzio, ndiyo sababu chapati iliyoiva vizuri ilimdhuru. Visa vya namna hiyo vimeonekana pia kwa watu wanaodhurika na dawa za maumivu kama aspirini. Apelekwe kwa daktari sasa, hata kama amepona, na mtaje unga. Ikijirudia, ni hospitali papo hapo, si maziwa wala kusubiri asubuhi. Unga uliobaki msiutumie, ila wekeni vijiko viwili kwenye chupa iliyofungwa. Daktari anaweza kuuhitaji.

*Nikirudi nyumbani likizo nazima kiyoyozi miezi miwili. Nikirejea Maskati, kila kilichokuwa kabatini kina vumbi.*
*Msomaji, Oman*

Kiyoyozi ndicho kilichokuwa kinakukaushia kabati, na kiangazi cha pwani ya Oman kina joto na unyevu pamoja. Kabla ya safari, vyenye unga gawa au maliza. Mchele na dengu viingie friza, mifuko bapa, na vibaki humo mpaka utakaporudi. Ukiacha friza inafanya kazi, weka ndani kikombe cha maji yaliyoganda na sarafu juu ya barafu. Ukirudi ukaikuta sarafu chini ya kikombe, umeme ulikatika ukakaa, na vilivyomo uvikague upya.